Mafunzo Niliyopata Nikibadilisha Balbu za Taa za Nyuma

Taa ya nyuma ni ya wale wanaokufuata: matatu inayotoka mjini usiku kupitia Jogoo Road, bodaboda iliyo nyuma yako Mumias South Road mvua ikinyesha. Kwa kuwa tunaendesha upande wa kushoto, taa ya kulia ndiyo iliyo karibu na katikati ya barabara. Hiyo ikizima, anayekuja huona taa moja pembeni na kudhani ni pikipiki, kisha anajipimia nafasi ya kupita ambayo haipo. Ndiyo maana hukagua taa zangu hapa kwenye koti yetu Buruburu, na balbu ikiungua naibadilisha mwenyewe.

1. Omba macho ya mtu mwingine. Balbu ya indiketa ikiungua, mara nyingi iliyobaki humeta haraka haraka, ukajua kuna shida. Taa ya nyuma, katika magari mengi, haisemi lolote. Mimi humwita kijana wa jirani asimame nyuma, injini ikiwa imezimwa.

"Ya kulia haiwaki, anko."

"Na nikikanyaga breki?"

"Hapo inawaka."

Ukiwa peke yako, egesha matako ya gari karibu na ukuta jioni, utazame mwanga kwenye kioo cha ndani.

2. Balbu moja, nyuzi mbili. Majibu ya kijana yule yana maana kubwa. Balbu nyingi za nyuma zina uzi wa wati 5 wa taa ya usiku na wa wati 21 wa breki, ndani ya kioo kimoja. Mmoja hukatika mwingine ukiwa mzima. Anayejaribu breki peke yake mchana ataridhika, na usiku atatembea na upande mmoja gizani. Itoe uielekeze kwenye mwanga: uzi uliokatika utauona, na mara nyingi kioo kimeingia weusi.

Zenye kitako cha chuma zina vipini viwili ubavuni, kimoja juu kidogo ya kingine. Viliwekwa hivyo makusudi ili balbu ikae kwa njia moja tu. Ikikataa, izungushe nusu duara ujaribu tena, usiilazimishe. Ikiingia kinyume, uzi mdogo ndio utakaofanya kazi ya breki na mkubwa uwake usiku kucha, na aliye nyuma hatajua umefunga breki.

3. Nenda dukani na balbu ya zamani mkononi. Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yameshatumika, na mawili ya jina moja yanaweza kuwa na balbu tofauti: hili ya kusukuma na kuzungusha, lile ya kitako cha kioo inayochomolewa moja kwa moja. Kirinyaga Road, ambayo wengi bado tunaiita Grogan, muuzaji akishaiona hahitaji maelezo. Mwombe aijaribu kwenye betri kabla hujalipa, nyuzi zote mbili.

4. Tazama soketi. Kufungua taa si kazi: skrubu mbili, au nati za spana namba 10 ndani ya buti, na soketi huzungushwa kinyume cha saa. Kazi iko kwenye kutu. Mpira wa kuzuia maji ukichoka, mvua huingia na chuma hufanya unga wa kijani. Balbu mpya hapo haitawaka vizuri. Mimi husugua kwa msasa laini mpaka chuma king'ae. Na ukikanyaga breki indiketa nayo ikawaka hafifu, anza kushuku waya wa athi.

5. Zikizima zote mbili pamoja, acha balbu kwanza. Angalia fyuzi, na kama ni za breki, swichi iliyo juu ya pedali. Fyuzi iliyoungua weka ya ampea zile zile. Ikiungua tena, kuna waya unaogusana mahali, nami hapo humwita fundi wa umeme wa magari. Siweki fyuzi kubwa zaidi wala kipande cha waya wa shaba, maana kitakachoungua baada ya hapo ni nyaya zenyewe.