Giaboksi ya Carina inateleza: nitengeneze au niuze?

Mpendwa mshauri,

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Lushoto. Nina Toyota Carina Ti ya 1999, ya automatiki, niliyoinunua nikiwa bado kazini. Siku hizi asubuhi gari linatembea vizuri, lakini likishapata moto, hasa nikipandisha kutoka Mombo, nikikaribia Soni injini inanguruma kwa nguvu na gari lenyewe linajikokota. Fundi wa hapa alichomoa dipstiki, akanusa, akasema giaboksi imekufa, nimpe milioni moja na laki mbili akanitafutie nyingine Dar es Salaam. Mke wangu anasema tuliuze, tumege mafao yangu tununue IST. Shemeji ameshapata mteja, anataka tumwite saa moja asubuhi, gari likiwa bado baridi. Likiwa zima, gari hili kwa bei ya huku halizidi milioni tano. Nifanye nini?

Mwalimu Mstaafu, Lushoto

Shikamoo, Mwalimu.

Nianze na la shemeji, maana ndilo jepesi. Hapana. Mteja huyo atajua siku ileile atakaposhuka Mombo na kutaka kurudi, na mtu aliyefundisha watoto wa Lushoto hana pa kujificha Lushoto. Kama ni kuuza, mwambie ubovu, mpunguzie bei, mwandikishiane. Wapo watu wanaonunua magari mabovu wakijua, tena kwa furaha.

Sasa giaboksi. Fundi wako amekutajia bei kabla ya kukutajia kilichoharibika. Pua yake huenda haikukosea, lakini kunusa dipstiki hakutoshi kukutoa milioni.

Ndani ya giaboksi ya automatiki zimo plate nyembamba nyingi, zinabanwa kwa msukumo wa oili ili gia ishike. Oili ikipata moto huwa nyepesi zaidi. Kama mipira ya ndani imechakaa, msukumo unavuja, plate hazibanwi sawasawa, zinateleza, zinaungua. Ndiyo maana asubuhi gari ni shwari na Soni ni balaa. Ila kuteleza hukohuko huletwa pia na oili iliyopungua, chujio lililoziba au solenoidi inayokwama, na hayo hutengenezwa bila kubadilisha giaboksi nzima.

Kwa hiyo pima mwenyewe kwanza. Gari likiwa na moto, mahali tambarare, injini ikiwaka na breki umeikanyaga, pitisha gia zote taratibu kisha rudi P. Chomoa dipstiki, ifute, irudishe, ichomoe tena. Oili ifike kwenye alama ya HOT. Ikiwa nyekundu na safi, kuna matumaini makubwa. Ikiwa ya waridi yenye ukungu kama maziwa, maji ya rejeta yameingia, kwa sababu oili ya giaboksi hupozwa humo humo ndani ya rejeta. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, kweli plate zimeshaanza kwenda. Angalia pia taa ya O/D OFF: ikipepesa yenyewe bila wewe kubonyeza, kuna hitilafu ya umeme iliyorekodiwa, isomwe kwa mashine kabla mtu hajashika spana.

Halafu nenda Tanga kwa fundi wa giaboksi hasa, si fundi wa kila kitu. Afungue bakuli la chini mbele yako. Vumbi laini la kijivu kwenye sumaku ni la kawaida. Vipande vya chuma na mabaki ya plate ni hukumu, na hapo asikuambie kwamba oili mpya itaifufua.

Mama naye ana hoja, na sitaki umpuuze. Lakini IST za toleo la kwanza zilitengenezwa kati ya 2002 na 2007, hivyo hata hiyo ni gari la zamani. Mkiagiza Japani, TRA wanaongeza ushuru wa uchakavu kwa gari lililozidi miaka 8. Mkinunua hapa nchini, mtauza giaboksi mnayoujua ubovu wake na kununua msiyoijua. Watu wengi hulinganisha gharama ya matengenezo na bei ya gari bovu. Mimi nalinganisha na pesa mtakayoongeza ili mpate gari jingine la kuaminika, na hiyo yenu inatoka kwenye mafao, ambayo hayana mwezi ujao.

Uamuzi wangu, basi. Kama fundi wa Tanga atathibitisha kuwa giaboksi imekufa, lakini injini haitoi moshi wala kunywa oili, na bodi chini haijaoza, weka giaboksi ya mtumba kutoka Japani, mradi gharama yote isipite hiyo milioni na laki mbili kwa mbali. Kama injini nayo inaugua, liuze kama lilivyo, kwa ukweli, na mama apate IST yake.

Ukinunua giaboksi, usimtume mtu kwa maneno. Nakili namba zilizo kwenye kibati ndani ya boneti. Kibati hicho hutaja aina ya injini na giaboksi. Muuzaji aandike siku za kuijaribu na kwamba ataibadilisha ikikataa. Fundi asafishe mabomba na kipozeo cha oili kilicho kwenye rejeta kabla ya kuifunga, la sivyo uchafu wa ile ya zamani utaiua mpya. Oili iwe ya aina inayotajwa kwenye kitabu cha gari, si iliyopo dukani siku hiyo.

Baada ya hapo, mlima wa Mombo upande ukiwa umezima O/D, na kwenye kona kali weka 2. Kushuka pia tumia 2, uipumzishe breki.

Na kama likizimika njiani kabla hujafanya haya, usikubali livutwe kwa kamba hadi Mombo. Pampu ya oili ya giaboksi huzungushwa na injini, na Carina Ti ya kawaida huendeshwa na magurudumu ya mbele. Yakiviringika huku injini imezimwa, giaboksi inasagika kavu. Yainuliwe, au gari libebwe. Mpaka fundi wa Tanga akupe jibu, usipandishe mlima huo na abiria.