Mchezo wa Vita kwa Barua Pepe: Kanuni za Wachezaji na Wajibu wa Mwamuzi katika Somo la Historia

1. Utangulizi

Mwalimu anayefundisha sababu za Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia hukabiliwa na tatizo lile lile kila mwaka. Wanafunzi huandika daftarini kwamba vita vilisababishwa na mapatano ya siri, mashindano ya silaha na ugomvi wa makoloni. Huyakariri hayo, hufaulu mtihani, na bado hawaelewi ilikuwaje watu wazima wenye elimu na akili timamu wakayatumbukiza mataifa yao katika maangamizi. Orodha ya sababu wanayo, lakini uamuzi wenyewe hawajauona.

Makala haya yanaeleza njia moja ya kuuonyesha uamuzi huo, nayo ni mchezo wa vita unaochezwa kwa kuandikiana barua pepe chini ya mwamuzi. Hoja yetu ni kwamba thamani ya mchezo huu darasani haitokani na ramani wala vikosi vyake, bali na kanuni zinazowafunga wachezaji, na zaidi ya hapo, na uthabiti wa mwalimu katika kuzishika kanuni hizo hata pale moyo wake unapomwambia azilegeze.

2. Asili ya mchezo

Fikra ya kuwafundisha watu vita kwa mchezo wenye mwamuzi si ngeni. Mwaka 1824 afisa wa jeshi la Prussia, Georg von Reisswitz, alitoa kanuni za mchezo uliojulikana kama Kriegsspiel, akiendeleza kazi iliyoanzishwa na baba yake. Wachezaji hawakusogeza vikosi wapendavyo. Waliandika amri wakamkabidhi mwamuzi, naye akasogeza vipande juu ya ramani na kuwaarifu yale tu ambayo makamanda wa kweli wangeweza kuyaona. Mwaka 1876 afisa mwingine, Verdy du Vernois, alipendekeza kwamba kanuni nyingi ziachwe na mwamuzi aamue kwa ujuzi wake. Tangu hapo wachezaji wamebishana: je, mwamuzi afungwe na kanuni au aachiwe huru? Swali hilo tutalirejea.

Mchezo tunaoupendekeza ni Diplomacy, uliobuniwa na Mmarekani Allan Calhamer, ambaye baadaye katika maisha yake alifanya kazi ya kupeleka barua. Aliutoa kwa mara ya kwanza mwaka 1959. Mwaka 1963 John Boardman alianza kuuendesha kwa njia ya posta miongoni mwa wachezaji waliokaa mbalimbali, na tangu miaka ya 1980 umechezwa pia kwa barua pepe. Waama, mchezo huu unaafikiana sana na maandishi, kwa kuwa hauna dadu wala karata. Bahati haina nafasi humo. Kilichopo ni maneno, amri na wakati.

3. Mchezo kwa muhtasari

Ramani ni ya Ulaya na ukingo wa kaskazini wa Afrika. Mchezo huanza mwaka 1901, na dola ni saba: Austria-Hungaria, Italia, Ufaransa, Uingereza, Ujerumani, Urusi na Uturuki. Kila dola huanza na vikosi vitatu, isipokuwa Urusi yenye vinne. Jumla ni 22. Kikosi huwa ama jeshi la nchi kavu ama la manowari, na vikosi vyote vina nguvu sawa. Katika ramani mna vituo 34 vya mahitaji. Dola huruhusiwa kuwa na vikosi kwa kadiri ya vituo inavyovimiliki, na anayefikisha vituo 18 ndiye mshindi.

Kila mwaka una zamu mbili, ya masika na ya vuli. Kwanza wachezaji hujadiliana kwa siri. Kisha kila mmoja humpelekea mwamuzi amri zake. Hatimaye amri zote hutekelezwa kwa wakati mmoja. Kikosi chaweza kuamriwa mambo manne: kukaa, kwenda jimbo la jirani, kusaidia kikosi kingine, au, kikiwa ni cha manowari baharini, kuvusha jeshi. Baada ya zamu ya vuli vituo huhesabiwa, na vikosi huongezwa au kupunguzwa.

4. Kanuni za wachezaji

Darasa la wanafunzi 35 ligawanywe makundi saba ya watu watano, na kila kundi liwe na anwani moja ya barua pepe. Mahali pasipo na mtandao, sanduku lenye kufuli ofisini mwa mwalimu latosha kabisa. Kabla ya zamu ya kwanza kila kundi lipewe kanuni zifuatazo kwa maandishi, nalo litie sahihi.

(a) Amri zipelekwe kwa mwamuzi kabla ya saa iliyotangazwa. Zikichelewa, hazitatumika, na vikosi vyote vya kundi hilo vitahesabiwa kuwa vimekaa pale vilipo.

(b) Kundi laweza kubadili amri mara nyingi litakavyo kabla ya saa hiyo. Amri za mwisho kufika ndizo zitakazotumika, na zikizidi moja hazitachanganywa.

(c) Amri iandikwe kikamilifu: aina ya kikosi, mahali kilipo, na jambo linalotakiwa. Amri yenye kasoro, lakini isiyoweza kuwa na maana zaidi ya moja, itafuatwa. Amri yenye maana mbili haitafuatwa, na kikosi hicho kitakaa.

(d) Mwamuzi hatamweleza mchezaji yeyote habari za amri za mwingine, wala hatatoa shauri la mbinu.

(e) Ahadi baina ya wachezaji si sheria. Mwamuzi hatamlazimisha yeyote kuitimiza.

(f) Ni marufuku kuandika barua kwa jina la kundi jingine, kusoma barua zisizo zako, au kumdanganya mwamuzi kwa namna yoyote. Kundi litakalofanya hivyo litatolewa mchezoni.

(g) Anayedhani kwamba mwamuzi amekosea aeleze kwa maandishi kabla ya zamu inayofuata, akitaja kanuni anayoitegemea.

(h) Kundi likielekea kushindwa liendelee kuleta amri hadi mwisho. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Mwalimu atambue kwamba kanuni (e) na (f) ni pande mbili za jambo moja. Kwa sababu maneno ya wachezaji wenyewe kwa wenyewe yaweza kuvunjwa, lazima pawe na mahali pamoja ambapo neno halivunjwi kamwe, na mahali hapo ni baina ya mchezaji na mwamuzi.

5. Mfano wa kusuluhisha amri

Tuchukue zamu moja. Ujerumani inaamuru jeshi lake la Munich liende Burgundy. Ufaransa nayo inaamuru jeshi la Paris liende Burgundy. Nguvu ni moja kwa moja. Hakuna anayeingia, na kila jeshi hubaki lilipokuwa.

Sasa tuseme Ufaransa imeamuru pia jeshi la Marseilles lisaidie lile la Paris kwenda Burgundy. Nguvu ya Ufaransa ni mbili dhidi ya moja; jeshi la Paris linaingia.

Hatimaye tuongeze Italia, ambayo jeshi lake liko Piedmont. Italia inaamuru jeshi hilo liende Marseilles. Haliwezi kuingia, kwa kuwa jeshi la Ufaransa limo. Lakini jeshi linaloshambuliwa haliwezi tena kutoa msaada katika jimbo jingine. Msaada wa Marseilles unakatika, nguvu zinarudi moja kwa moja, na Burgundy inabaki tupu. Amri moja ya Italia, isiyoipatia Italia hata shubiri moja ya ardhi, imegeuza matokeo baina ya mataifa mengine mawili.

Zoezi hili lifanywe ubaoni kabla ya mchezo kuanza. Hapo ndipo wanafunzi huanza kufahamu kwa nini dola isiyopigana bado hubembelezwa na pande zote.

6. Kosa la mwamuzi

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuendesha mchezo huu na wanachuo wake, na zamu iliyoelezwa hapo juu ndiyo iliyomfunza. Amri zilitakiwa kufika kabla ya saa 12 jioni. Zile za Italia zilifika saa 12 na dakika 40, zikifuatana na maelezo kwamba umeme ulikatika. Umeme ulikuwa umekatika kweli. Nilizipokea, na Ufaransa ikaikosa Burgundy.

Siku ya pili kijana mmoja wa Italia alijisifu bwenini. Kundi la Ufaransa lilikuja na kanuni (a) mkononi. Nyuma yao wakaja Warusi, ambao wiki iliyotangulia nilizikataa amri zao zilizochelewa kwa dakika 10 tu, maana hawakuwa na udhuru wa kunigusa moyo. Sikuwa na jibu.

Hasara kubwa ilionekana katika zamu mbili zilizofuata. Barua baina ya makundi zilipungua, na barua za kwangu zikaongezeka. Huyu alikuwa na mgonjwa, yule simu yake imeharibika, wa tatu aliomba tu nimfikirie. Wanachuo walikuwa wamegundua kwamba njia fupi ya ushindi haipiti Berlin wala Constantinople, bali inapita mezani kwa mwamuzi. Diplomasia yote ikahamia kwangu, na mchezo ukafa.

Niliomba radhi mbele ya darasa zima, nikairudisha ramani katika zamu ile ya Burgundy, na kuisuluhisha upya bila amri za Italia. Kazi ya zamu mbili ilipotea, na Waitalia hawakufurahi. Lakini tangu siku hiyo amri zilifika mapema. Kundi moja lilianza kupeleka amri za akiba siku mbili kabla, kama kanuni (b) inavyoruhusu, ili umeme ukikatika wasiachwe mikono mitupu. Huruma yangu haikuwafunza jambo hilo, kanuni iliwafunza.

Hapa twalijibu lile swali la mwaka 1876. Mwamuzi huru afaa pale anapokuwa afisa mzoefu mbele ya maafisa wenziwe. Mwalimu hana nafasi hiyo. Anawajua wanafunzi wake kwa majina na kwa shida zao, na ndiye atakayesahihisha mitihani yao. Uhuru wake, hata akiutumia kwa nia njema, utaonekana kuwa ni upendeleo. Basi, na ajifunge kwa kanuni zile zile anazowafunga nazo wengine. Akitaka kuwahurumia, awahurumie kabla ya mchezo kuanza, kwa kupanga saa ambayo kila kundi laweza kuitimiza.

7. Je, twafundisha uongo?

Walimu wenzetu wameuliza swali hili, nalo ni la haki. Kwetu ahadi ni deni. Itakuwaje shule iruhusu mtoto ampe mwenziwe ahadi asiyokusudia kuitimiza?

Kwanza, historia tunayoifundisha ndivyo ilivyokuwa. Ubelgiji ilihakikishiwa kwa mkataba wa mwaka 1839 kwamba haitaingiliwa; majeshi ya Ujerumani yaliingia humo tarehe 4 Agosti 1914. Italia ilikuwa mshirika wa Ujerumani na Austria-Hungaria tangu mwaka 1882. Aprili 1915 ilitia sahihi mkataba wa siri mjini London, na Mei ikaingia vitani upande wa pili. Mwanafunzi aliyeachwa mkono na rafiki yake katika ramani huyasoma mambo haya kwa jicho jingine.

Pili, mchezo wenyewe humwadhibu mwongo wa kila siku. Kwa kuwa vikosi vyote vina nguvu sawa, hakuna dola inayoweza kusonga mbele bila msaada wa nyingine. Anayevunja kila ahadi hupata jimbo moja leo, na kesho hapati wa kumsaidia. Jambo hili lisihubiriwe, liachwe lionekane.

Hata hivyo, mwalimu awe macho. Chuki ikitoka ramanini ikaingia bwenini, asimamishe mchezo na kufanya mjadala papo hapo.

8. Baada ya mchezo

Vipindi viwili vya mwisho ndivyo vyenye uzito kuliko vyote. Barua zote zihifadhiwe, maana mali bila daftari huisha bila habari, na sasa zisomwe hadharani. Kila kundi lieleze lilikusudia nini, liliogopa nini, na lilifahamu nini wakati ule. Aghalabu darasa hustaajabu kuona kwamba kundi lililoshambulia lilifanya hivyo kwa hofu ya kushambuliwa.

Kisha mwalimu aulize swali ambalo ramani haina jibu lake: ni nani aliyebeba chakula cha majeshi haya? Katika mchezo, kituo cha mahitaji hulisha kikosi bila jasho la mtu yeyote. Katika vita vyenyewe, vilivyofika Tanga mwezi Novemba 1914 na kumalizika kwetu kwa majeshi ya von Lettow-Vorbeck kuweka silaha chini huko Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, mizigo ilibebwa vichwani na wapagazi Waafrika. Walichukuliwa kwa mamia ya maelfu, na makumi ya maelfu wakafa, wengi wao kwa maradhi na uchovu. Jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi chao. Mwanafunzi aliyefurahia kuandika amri kwa mstari mmoja na aambiwe pia ni nani aliyeulipia mstari kama huo.

9. Maswali ya kujadiliwa na walimu

1. Kundi limeleta amri yenye maana mbili, na wewe wajua kwa hakika walikusudia ipi. Utafanyaje, na kwa kanuni gani?
2. Katika mfano wa Burgundy, Ujerumani ingeweza kuiahidi Italia kitu gani ili ishambulie Marseilles?
3. Taja jambo jingine la vita vya kweli ambalo ramani hii inalificha, na upange kipindi kimoja cha kulifundisha.