Ushauri: Kabati Lililobaki Ng'ambo

Kwako Mshauri,

Mimi ni wakili wa mwaka wa tatu hapa Machakos. Nina chumba kimoja ghorofani karibu na steji, karani mmoja na faili 74. Mwenye jengo lililo karibu na mahakama ananipa vyumba vitatu kwa mkataba wa miaka 6. Kaka yangu, ambaye duka lake lilikufa wakati wa Corona, ananiambia nisithubutu. Ugonjwa mwingine ukija nitabaki nikilipia kuta. Mwaka 2020 nilikuwa mwanafunzi bado, na mawakili wakubwa nikiwauliza walivyopita pale hucheka tu na kusema, "Tulisota." Je, nichukue ofisi? Mahakama zikifungwa, karani nitamfanyaje? Na ni kosa kukopa kidogo katika pesa za wateja nilipe kodi, kisha nizirudishe ada zikiingia?

Wakili Chipukizi, Machakos


Wakili Chipukizi,

Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linaloweza kukupokonya leseni. Ndiyo, ni kosa. Kanuni za akaunti zilizo chini ya Sheria ya Mawakili zinataka pesa ya mteja ikae katika akaunti ya wateja, mbali na ya ofisi, na kifungu cha 80 cha sheria hiyo kinaufanya usaliti wa amana kuwa jinai. Mwaka 2020 jaribu hilo lilikuja kwa upole sana. Machi ile ofisi za ardhi zilifungwa, mauzo ya mashamba yakakwama katikati, nasi tukabaki tumeshika amana za watu. Pesa imelala, mwenye nyumba anapiga simu, mteja haulizi kitu. Nawajua waliosema "kidogo tu". Mteja akauliza mwezi wa Agosti.

Ukibanwa na kodi, mwandikie mwenye nyumba kabla ya tarehe ya kulipa, useme utalipa kiasi gani na lini. Barua ya aibu ni nafuu kuliko barua ya kamati ya nidhamu.

Sasa hao wakubwa wanaocheka. Mimi wakati ule niliishi Syokimau na ofisi yangu ilikuwa Machakos mjini. Kaunti ni ile ile. Jumatatu tarehe 6 Aprili 2020 tukatangaziwa kwamba kuanzia saa moja jioni hakuna kuingia wala kutoka eneo la Nairobi, na mpaka wa hiyo "Nairobi" ulikuwa umemeza Athi River na Katani. Nikalala upande wa jiji bila kuhama nyumba, na kabati la faili likabaki ng'ambo. Tuliambiwa siku 21. Ikawa miezi mitatu, hadi 7 Julai.

Karani wangu, Mungu ambariki, alikuwa na ufunguo. Alipiga picha ukurasa baada ya ukurasa na kunitumia kwa WhatsApp, nyingine kichwa chini, nyingine kidole gumba chake kimefunika saini ya shahidi. Kwa picha hizo niliandika mawasilisho na kuyatuma mahakamani kwa baruapepe. Katikati ya Aprili Jaji Weldon Korir, katika kesi ya Chama cha Mawakili kuhusu kafyu ya usiku, aliagiza mawakili waongezwe kwenye orodha ya watu wasiofungwa na amri hiyo. Tulishangilia. Lakini agizo lilikuwa la kafyu, si la kizuizi cha barabarani, na kabati langu halikusogea hata hatua moja.

Nikajifunza, au nilidhani nimejifunza. Nikahamishia faili za haraka nyumbani. Kisha 26 Machi 2021 ukuta ukajengwa tena, mahali pengine: safari hii Machakos yote ilifungiwa ndani pamoja na Nairobi, Kiambu, Kajiado na Nakuru, hadi tarehe 1 Mei. Ofisini niliweza kufika. Nisikoweza kufika ni Wote, kwenye kesi zangu za Makueni. Nilikuwa nimejiandaa kwa ukuta wa mwaka uliopita.

Ndiyo maana sitakuambia ununue mashine gani. Hakuna ajuaye ukuta ujao utapita wapi, kwa hiyo usiwe na karatasi iliyo upande mmoja tu. Watu watakwambia tatizo hilo limekwisha, kwa kuwa tangu 11 Machi 2024 mahakama zote nchini hupokea nyaraka kwa mtandao, jambo ambalo Nairobi ilianza 1 Julai 2020. Limekwisha nusu. Mahakama ina kile ulichowasilisha. Haina maelezo ya mteja uliyoyaandika kwa kalamu, haina risiti za hospitali ambazo bado umezikalia, na haina hati asili ya shamba la mtu. Hizo skani mwenyewe, uzihifadhi mahali penye nywila, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu hata ukiwa na chumba kimoja. Hati asili usiyoihitaji mrudishie mwenyewe, atie saini kwamba ameipokea.

Na ukilazwa wewe? Swali hili tulilikwepa sana, kana kwamba ugonjwa ni wa wateja. Kubaliana kwa maandishi na wakili mwenzako, ikiwezekana wa mji mwingine, kwamba ukianguka atashika tarehe zako, na wateja wawe wameridhia. Mpe kalenda, na ndani ya kalenda hiyo iwepo siku ya mwisho ya kila dai: la ajali miaka 3, la mkataba miaka 6. Usitegemee hakimu akuhurumie kwa sababu ulikuwa karantini.

Kupeleka wito si shida tena. Februari 2020, kabla virusi havijathibitishwa hapa nchini, Kanuni za Mwenendo wa Madai zilikwisha kuruhusu baruapepe na jumbe za simu. Ila tuma kwa nambari ambayo mdaiwa anaitumia kweli, si ile ya miaka minne iliyopita, na uthibitisho kwamba ujumbe ulifika uambatishe kwenye hati ya kiapo.

Mashahidi ndio watakaokutoa jasho. Mteja wangu mmoja, mama mmoja wa Masii, alitoa ushahidi kwa video akiwa sebuleni kwa mjukuu wake. Katikati ya maswali makali bando likaisha, na upande wa pili wakadai amekimbia. Tangu siku hiyo shahidi wangu hufanyiwa jaribio siku moja kabla, simu ya pili ikiwa na chaji, na yule anayemshikia simu hutajwa mahakamani mapema, isije ikasemwa anamnong'oneza majibu.

Kuhusu karani: mshahara wake huwezi kuupunguza peke yako. Keti naye, mkubaliane, muandike. Ikibidi kumwachisha kwa kukosa kazi, kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira kinadai ilani ya mwezi mmoja, kwake na kwa afisa wa leba, na malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka aliotumika. Sisi tunaowatetea wafanyakazi wa wengine ndio tuliokuwa wa kwanza kupiga simu na kusema, "Kesho usije." Mimi wangu nilimpunguzia kwa makubaliano. Bila yeye nisingekuwa na hata picha za kidole gumba.

Basi vyumba vitatu. Kaka yako amesema kweli, ila hajakusomea mkataba. Kwa nini miaka 6 na si 5? Wewe ni wakili, fungua Sura ya 301, sheria ya wapangaji wa majengo ya biashara. Mkataba usiozidi miaka 5, au wenye kifungu cha kuuvunja ndani ya miaka 5, unakuweka chini ya ulinzi wa baraza la kodi za majengo ya biashara. Huo wa miaka 6 bila kifungu hicho unakutoa nje. Mwenye jengo anajua anachofanya. Omba miaka miwili, vyumba viwili. Akikataa, baki pale steji.

Kabla hujaenda kumwona, toa katika hizo faili 74 zile za ajali ambazo hazijafika mahakamani. Iliyo karibu kutimiza miaka 3 iwasilishe wiki hii.