Kupalilia kwa Mizizi na Majani

Kando ya shamba la milingoti, mistari ya kwanza ya mahindi mara nyingi hudumaa na kuwa ya manjano. Wakulima wa Njombe wanalijua hilo, na lawama huangukia kivuli na mizizi inayonyonya maji. Ni lawama ya haki, ila haijakamilika. Majani ya mlingoti yana mafuta na kemikali nyingine ambazo mvua huziosha hadi ardhini, na mbegu ndogo zikikutana nazo huchelewa kuota au zisiote kabisa. Wataalamu huiita hali hiyo alelopathi. Je, mkulima wa Njombe anaweza kuitumia dhidi ya magugu?

Anaweza, kwa kiasi, na mfano uliothibitishwa vizuri uko kwa majirani. Miaka ya 1990, watafiti wa icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, huko Mbita, Kenya, kando ya Ziwa Victoria, walipanda desmodiamu, mmea utambaao wa jamii ya kunde, katikati ya mahindi kwa sababu harufu yake huwafukuza nondo wanaotaga mayai ya funza wa mabua. Wakakuta na jambo ambalo hawakulitafuta: kiduha kilipungua mno.

Kiduha ni gugu la ajabu. Mche mmoja hutoa maelfu ya mbegu ndogo sana, nazo huweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10 zikingoja kemikali inayotoka kwenye mzizi wa hindi. Zikiipata huota, hung'ang'ania mzizi na kunyonya. Mizizi ya desmodiamu nayo hutoa kemikali: baadhi huziamsha mbegu za kiduha, nyingine huzuia kimzizi chake kisijishikize kwenye zao. Kikishaota na kukosa pa kunyonya, hufa. Kwa hiyo akiba ya mbegu ardhini hupungua msimu baada ya msimu, kazi ambayo jembe peke yake haliiwezi.

Lakini kwa wakulima wengi wa nyanda za juu kusini, kero ya kila siku ni sangari, ndago na kishona nguo. Hapa tusidanganyane. Desmodiamu haitaua ndago wala sangari iliyokwisha kujaza mizizi yake chini. Hizo zing'olewe kwa jembe na kuokotwa kabla ya kupanda. Kwa magugu yanayoota kwa mbegu, msaada wake mkubwa ni kutambaa na kuifunika ardhi, na kemikali ni nyongeza tu.

Ukitaka kujaribu, anza na kipande kidogo. Lainisha udongo vizuri, kwa kuwa mbegu za desmodiamu ni ndogo. Mvua zikishaanza kunyesha kwa uhakika, panda mahindi kwa mistari ya sentimita 75, kisha chora mfereji mwembamba katikati ya mistari. Changanya mbegu na mchanga mkavu ili zisambae sawasawa, uzifukie kidogo tu. Maharage yaende kwenye mstari wa mahindi, yasiingie kwa desmodiamu. Msimu wa kwanza utapalilia kama kawaida, tena kwa uangalifu, maana desmodiamu changa huchelewa kukua na ni rahisi kuing'oa ukidhani ni gugu. Usipulize dawa ya kuua magugu juu yake.

Ikishashika, hudumu miaka. Kila msimu mpya ikate ifupike kabla ya kupanda mahindi, isije ikayaparamia. Majani uliyokata ni chakula kizuri cha ng'ombe wa maziwa, na kwa anayefuga hiyo pekee yatosha kuwa sababu ya kuipanda. Tatizo ni mifugo inayoachiwa mashambani baada ya mavuno: kiangazi kikiwa kirefu na majani haba, ng'ombe wa jirani wataimaliza. Elewaneni mapema, au panda karibu na nyumba. Mbegu zikikosekana, vipande vya mashina ya desmodiamu hushika vikipandwa, mvua zikiwa za kutosha.

Alizeti nayo ina kemikali zinazozuia mbegu nyingine kuota. Tandaza mabua yake yaliyokatwakatwa kati ya mistari ya mahindi yaliyokwisha kusimama, usiyatandaze juu ya kitalu cha mboga. Udongo ukiwa na unyevu, sumu hiyo hupungua ndani ya wiki chache kadiri mabua yanavyooza.

Kabla ya kutandaza jani lolote usilolijua, lipime. Loweka majani yaliyopondwa kwenye maji usiku kucha, chuja, kisha panda mbegu za mchicha kwenye makopo mawili. Moja limwagilie maji hayo, jingine maji safi. Mchicha ukigoma kuota kwenye kopo la kwanza, majani hayo yasikaribie kitalu.

Mmea mwingine wa kujaribu ni mukuna, yaani upupu usiowasha: hufunika ardhi haraka kuliko desmodiamu na majani yake yana kemikali inayozuia magugu. Mbegu zake zinayo pia kwa wingi, kwa hiyo zisiingie chunguni kama maharage ya kawaida, na watoto waelezwe hivyo.