Kipupwe Mlimani: Maandalizi ya Mtu wa Shinyanga na Geita Kwenda Kilimanjaro

Kwetu Julai ni mwezi wa nafasi. Mpunga umeshavunwa, pamba inauzwa, barabara ni kavu. Mwezi huohuo Mlima Kilimanjaro nao unapandika vizuri, kwa sababu masika yamekwisha na njia hazitelezi. Lakini ni mwezi wa baridi kali, na mtu aliyezoea jua la Kishapu au Nyarugusu asipojiandaa atarudi na simulizi ya mateso tu. Si safari ya wageni peke yao. Tangu 2002 mgodi wa GGML wa Geita, pamoja na Tume ya Kudhibiti UKIMWI Tanzania (TACAIDS), umekuwa ukiandaa upandaji wa mlima huo kuchangisha fedha za mapambano dhidi ya UKIMWI.

Kwanza hesabu siku zako. Habari ya kilele ije baadaye. Mwenye siku moja, au mwenye watoto, apande kutoka lango la Marangu hadi vibanda vya Mandara, mita 2,720, akishuka jioni. Ni kilomita 8 za msitu mnene, na dakika chache mbele yake kuna kreta ya Maundi. Hiyo ni ziara kamili, usiionee haya. Anayetaka kilele cha Uhuru, mita 5,895, atenge siku 6 kwa njia ya Marangu. Zipo ratiba za siku 5, ila siku ile ya ziada ya kupumzika kwenye vibanda vya Horombo ndiyo inayouzoesha mwili, na mimi nisingeipunguza ili kuokoa pesa.

Kukisia baridi kuna njia rahisi. Kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kama nyuzi 6. Shinyanga mjini ni zaidi kidogo ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hivyo kufika Uhuru unaongeza zaidi ya mita 4,700, yaani unapoteza kama nyuzi 28. Kama usiku umetoka nyumbani kukiwa na nyuzi 16, kule juu ni 12 chini ya sifuri, bado hujahesabu upepo. Na safari ya kilele huanza karibu saa sita usiku.

Kwa hiyo vaa nguo juu ya nguo. Inayogusa mwili isiwe ya pamba. Sisi tunaolima pamba hilo si neno tamu, lakini fulana ya pamba ikilowa jasho haikauki, na kijasho hicho ndicho kinachokugandisha ukisimama. Tafuta ya polyester, juu yake sweta zito, kisha jaketi lisilopitisha upepo wala mvua. Ongeza mzula, glovu nzito na soksi za sufu. Si lazima ununue vipya: soko la Memorial pale Moshi limejaa mitumba ya baridi. Viatu tu ndivyo usivinunue njiani. Vivae nyumbani wiki tatu viizoee miguu. Mabuti ya mpira ya machimboni hayafai. Tochi ya kichwani ya duarani, yaani ya shimo la machimbo, inafaa sana, ila ilale nawe ndani ya begi la kulalia, maana baridi hunyong'onyeza betri.

Sasa neno kwa vijana wa machimbo. Nguvu ya kuvuta viroba vya mawe kutoka duarani haikukingi na ugonjwa wa mwinuko. Kule juu hewa ni nyepesi, na kileleni oksijeni unayopata katika kila pumzi ni karibu nusu ya ile ya pwani. Mara nyingi wenye nguvu ndio wanaoumia, kwa kuwa wanakwenda mbio. Mwongozaji akisema pole pole, mtii. Kichwa kikiuma sana, ukitapika au ukipepesuka, usijiambie ni malaria ukameza dawa na kuendelea. Mwambie mwongozaji mara moja, mshuke. Kushuka ndiyo tiba ya kwanza.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa Kanda ya Ziwa kuliko wengine: seli mundu. Ni nyingi huku kwetu. Mgonjwa wa seli mundu asipande mwinuko mkubwa, na hata aliyerithi kinasaba kimoja asiyeugua kamwe anaweza kudhurika bandama huko juu. Pima damu kabla ya kulipa chochote. Aliyevuta vumbi la mwamba kwa miaka, au aliyewahi kuugua kifua kikuu, naye aonane na daktari apime mapafu.

Njia ya basi kutoka Shinyanga ni Tinde, Nzega, Igunga, Singida, Katesh, Babati, Arusha, kisha Moshi. Lami tupu, kutwa nzima. Wa Geita apitie Kahama, au avuke Daraja la JPM la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025. Ukifika Katesh utauona Mlima Hanang, mita zaidi ya 3,400. Utazame vizuri: Horombo, utakapolala usiku wa pili, ni juu kuliko kilele chake. Ukishuka basi usipande siku hiyohiyo. Lala Moshi au Marangu, unywe maji mengi.

Beba kitambulisho cha taifa, kwani raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio cha chini sana kuliko mgeni. Hairuhusiwi kupanda bila mwongozaji mwenye leseni. Chupa za maji za kutupa hazitakiwi mlimani, hivyo chukua ya kudumu. Mzigo wa mpagazi, ambaye wenyeji humwita mgumu, usizidi kilo 20. Kabla ya kuchagua kampuni uliza wagumu wake wanalipwa kiasi gani na wanalala wapi. Ikisita kujibu, nenda kwingine.

Vibanda vya njia ya Marangu vina vitanda vya kuhesabika, na Julai wageni wa dunia nzima wanavigombea. Weka nafasi yako mwezi Machi au Aprili.