Mpira unapaa, mkono unakaza

SWALI: Nacheza tenisi hapa Tetu. Mazoezini napiga vizuri, lakini siku ya mechi mipira yangu inatoka nje, kisha nakata tamaa. Nifanyeje?

JIBU: Kwanza usijilaumu kwa yote, kwa maana sehemu ya tatizo ni hewa yenu. Huko mko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo mpira husafiri kwa kasi na kuruka juu zaidi. Kanuni za tenisi zinaruhusu mipira maalumu kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219, uliza dukani. Kaza nyuzi za raketi kidogo. Muhimu kuliko yote, piga ukipandisha raketi kutoka chini kwenda juu, mpira uzunguke kuelekea mbele: utapita juu ya wavu na kushuka ndani ya mstari. Usipunguze nguvu kwa woga. Mkono unaosita ndio unaopeleka mpira nje.

Kuhusu kukata tamaa: kati ya pointi na pointi una hadi sekunde 25. Zitumie. Geukia uzio, pumua, legeza vidole, chagua utakapopeleka mpira unaofuata. Na ukiwa nyuma, kumbuka wachezaji Angella Okutoyi na mwenzake Rose Marie Nijkamp: walipoteza seti ya kwanza ya fainali ya wasichana wawili wawili Wimbledon, Julai 2022, wakashinda 3-6, 6-4, 11-9. Nawe mazoezini, anza michezo ukiwa nyuma 0-30, ili uzoee kupambana hivyo.