Nimetubu, lakini mizani ni ile ile

SWALI: Nanunua alizeti kwa wakulima hapa Iguguno. Mizani yangu nimeichezea, na anayeuza kwa gunia namdai lumbesa. Kila mkutano wa injili natoka mbele, natubu kwa machozi. Mavuno yakifika, narudia. Je, toba yangu ni ya uongo?

JIBU: Ndugu msomaji, machozi yako siyatilii shaka. Natilia shaka mizani. Kila ulipotoka mkutanoni uliikuta stoo imekaa vile vile, ikingoja msimu. Dhambi yako ina chombo, ina faida na ina watu waliopunjwa, nawe hujakigusa hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Watu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioshika kasi Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuingia kwetu kupitia Bukoba, walilijua hili. Walikiri hadharani, ndiyo, lakini pia walirudisha vya wizi, wakalipa madeni, wakawaendea waliowakosea, kisha wakaendelea kukutana na kuulizana habari za mwenendo. Wengine walizidisha ukali, wakawahukumu wasiokiri kama wao, na mimi sikutumi ukasome hesabu zako kwenye kipaza sauti. Ila lile la kurudisha lilikuwa na maana: mtu akibaki na faida ya dhambi, amebaki pia na sababu ya kuirudia.

Utasema neema haihitaji malipo, na kwamba nakurudisha kwenye kuokoka kwa matendo. Msome Zakayo katika Luka 19. Yesu alikwisha kujialika nyumbani kwake kabla hajaahidi kulipa mara nne. Malipo yalifuata mapokezi, hayakuyanunua. Wala Yohana Mbatizaji hakuwaambia watoza ushuru waache kazi. Aliwaambia wasitoze zaidi ya walichoamriwa, maana yake alikigusa kipimo chenyewe. Utasema tena kwamba Paulo mwenyewe, katika Warumi 7, analalamika kutenda asilolitaka. Ni kweli, na hoja ya kwanza kati ya zile 95 za Martin Luther za mwaka 1517 inafundisha kwamba maisha yote ya mwamini ni toba. Hivyo kuanguka tena hakuthibitishi kwamba ulidanganya. Lakini Paulo analalamika kama mtu aliye vitani. Mwenye kuitunza mizani mbovu mwaka mzima bado hajaanza vita.

Hoja nzito kuliko hizo ni ya soko: wenzako wote wanapunja, na ukipima sawa faida itapungua. Hapo sina la kukufariji. Itapungua, na huenda msimu mmoja ukayumba. Hata hivyo lumbesa ni kosa kisheria, na mkulima akishajua nani anapima haki, hukosi kabisa wa kukuuzia.

Basi, kabla ya mavuno, peleka mizani Wakala wa Vipimo ikarekebishwe na kuhakikiwa. Wakulima unaowakumbuka, walipe, hata kidogo kidogo. Kwa aliyefariki bila ndugu, Hesabu 5 inaelekeza fidia iende kwa Bwana kupitia kuhani. Kwako hilo ni mchungaji na mfuko wa wahitaji. Mchague mzee mmoja wa kanisa akuulize habari za mizani kila wiki ya msimu, siyo mwisho wa mwaka. Na mkeo, kama unaye, aambiwe kabla ya mchungaji, kwa sababu ada za watoto zitabana na ana haki ya kujua kwa nini.